KIPIMO CHA MTETEMO NACHO KIPIMWE

Somo kwa vikundi vya kujifunza vya wafanyakazi wa viwandani na mashambani



Kila mchuma chai anaijua habari ya mizani. Ukipima kikapu chako na mizani ikasoma pungufu, jasho lako la asubuhi nzima limekwenda bure. Ndiyo maana tunadai mizani ikaguliwe, ipigwe mhuri, na mchumaji aruhusiwe kusimama akaitazama inavyosoma. Hapa Uganda kazi ya kuhakiki mizani ya biashara ni ya Shirika la Viwango la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989. Hakuna anayeshangaa tukisema kwamba mizani nayo ipimwe.

Lakini viwandani kuna kipimo kingine ambacho wengi wetu hatukiulizi swali lolote. Ni kile kidude anachopita nacho fundi, akakigusisha kwenye mota au pampu, akasoma namba, akaandika, akaenda zake. Hicho ni kipimo cha mtetemo. Mizani mbovu hutuibia kilo. Kipimo kibovu cha mtetemo kinaweza kutuibia vidole, macho, hata roho. Somo letu la leo ni jinsi ya kukitunza kipimo hiki kabla hakijaharibika, na kwa nini utunzaji huo unatuhusu sisi tulio karibu na mashine kuliko mtu mwingine yeyote.

1. YALIYOTUFUNDISHA

Tuanze na jambo lililotupata wenyewe. Ilikuwa katika kiwanda kimoja cha Mbarara, jina lake hatulitaji. Palikuwa na feni kubwa ya kupulizia hewa, yenye mota ya kilowati 22. Mwendeshaji wake alikuwa kibarua, Mkongo mkaaji wa Nakivale, ambaye kila Jumatatu alipanda gari kuja Mbarara na Jumamosi akarudi kwa watoto wake.

Siku moja ndugu huyu alimwendea msimamizi akasema, "Bwana msimamizi, ile feni inalia. Wiki iliyopita haikulia hivi." Fundi aliitwa, akaja na kipimo chake, akakigusisha, kikasoma 0.9. Msimamizi akasema, "Umeona mwenyewe, mzee. Kipimo kinasema ni nzima. Rudi kazini." Naye akarudi, kwa sababu kibarua akibishana hapati kazi kesho.

Siku ya nne beringi ilikatika. Feni ikagonga kasha lake, kipande cha bati kikaruka, na ndugu yetu akapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Tulipokwenda kudai fidia, tulijibiwa kwamba mashine ilikuwa imepimwa siku nne tu kabla, na ikaonekana nzima. Basi kosa lazima ni la mwendeshaji. Tukaomba kuliona daftari la vipimo. Lilikuwa limeandikwa hivi: Machi 2.1, Aprili 2.6, Mei 3.4, Juni 0.9. Tukauliza swali moja tu: kati ya Mei na Juni, ni nani aliyeitengeneza feni? Hakuna. Haikutiwa grisi wala haikuguswa na spana. Basi imepona kwa dawa gani?

Sisi tulioishia darasa la saba hatukuhitaji mhandisi wa kutufafanulia. Mashine haiponi yenyewe. Namba ikishuka na hakuna fundi aliyeigusa mashine, anza kushuku kipimo. Kipimo kile kilipofunguliwa, waya wake ulikutwa umekatika ndani ya ganda, karibu kabisa na pale unapochomekwa. Kwa nje ulionekana mzuri. Hakuna aliyeukagua tangu siku uliponunuliwa.

Daftari lile lile lililoletwa ili kumkana ndilo lililomtetea, na fidia ililipwa. Vidole havikurudi.

2. MTETEMO NI NINI?

Kila mashine inayozunguka hutetemeka, hata iliyo mpya. Mota nyingi za viwandani hapa kwetu huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, yaani mara 24 kwa kila sekunde. Katika kila mzunguko, upande mmoja ukiwa mzito kidogo kuliko mwingine, shafti huvutwa huku na huku, na mvuto huo hupita kwenye beringi, ukaenda kwenye kasha, ukafika mpaka kwenye sakafu.

Mtetemo ukiongezeka, mashine inatueleza ugonjwa wake. Sababu za kawaida ni hizi:

(a) Feni au puli imelemea upande mmoja, kwa uchafu ulioganda au kwa kuvunjika.
(b) Shafti ya mota na shafti ya pampu haziko katika mstari mmoja.
(c) Bolti za msingi zimelegea au zege limepasuka.
(d) Beringi imechakaa, imekosa grisi, au imejazwa grisi kupita kiasi.
(e) Mkanda umechakaa au umevutwa vibaya.

Kipimo hutoa jibu kwa milimita kwa sekunde, maana yake ni wepesi wa kasha la mashine kwenda na kurudi. Jedwali la kimataifa la mwaka 1995, ambalo lilifuatwa na toleo jipya mwaka 2016, liliweka ngazi nne. Kwa mashine za kadiri, za kilowati 15 hadi 75, ngazi zenyewe zilikuwa hivi:

Hadi 1.1: hali nzuri.
Zaidi ya 1.1 hadi 2.8: inaweza kuendelea na kazi.
Zaidi ya 2.8 hadi 7.1: isiachwe iendelee hivyo kwa muda mrefu, ipangiwe matengenezo.
Zaidi ya 7.1: hatari.

Kila mashine ina kitabu chake, na fundi afuate kitabu hicho. Lakini itazameni tena ile feni yetu. Mwezi wa Mei, kwa namba 3.4, ilikuwa imekwisha ingia ngazi ya tatu. Ilipasa kutengenezwa. Iliposomeka 0.9 mwezi wa Juni, wakubwa walifurahi, na hakuna aliyeuliza furaha hiyo imetoka wapi.

3. NDANI YA KIPIMO MNA NINI?

Mwaka 1880 huko Ufaransa, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba kuna mawe, kama vile kwatzi, ambayo yakibanwa hutoa umeme kidogo. Vipimo vingi vya mtetemo vya leo hufanya kazi kwa ujuzi huo. Ndani ya ile sehemu inayogusishwa kwenye mashine mna kipande kidogo cha jiwe la namna hiyo, au cha kauri maalumu, na juu yake kuna uzito mdogo. Mashine ikitetemeka, uzito huo hulibana jiwe na kuliachia, hulibana na kuliachia. Jiwe hutoa umeme, waya huupeleka, na kifaa kinaugeuza kuwa namba.

Basi hesabuni wenyewe mahali panapoweza kuharibika: jiwe, waya, mahali pa kuchomekea, betri, na uso unaogusana na mashine. Palipoharibika pamoja tu panatosha kufanya namba iwe ya uongo. Na uongo mbaya kuliko wote ni ule wa kushusha, kwa sababu namba kubwa ya uongo itatufanya tusimamishe mashine nzima na kupoteza saa moja, lakini namba ndogo ya uongo itatuacha tumesimama kando ya mashine inayokufa.

4. KIPIMO HUUGUA KWA NJIA GANI?

Kuanguka. Kipimo kikidondoka juu ya saruji, hata kutoka kimo cha kiuno tu, kishindo chake huweza kulipasua jiwe la ndani. Kwa nje hakuna alama. Kikiendelea kusoma, kinaweza kusoma pungufu. Kipimo kilichoanguka kihesabiwe kuwa mgonjwa mpaka kipimwe.

Sumaku. Vipimo vingi hushikwa kwenye mashine kwa sumaku. Ukikiachia kikavutwa na kugonga chuma "pa!", umekipiga nyundo. Kila siku mara ishirini, kwa mwaka ni nyundo maelfu. Kiinamishe, gusisha ukingo wa sumaku kwanza, kisha kilaze polepole.

Waya. Usikibebe kipimo kwa kushika waya. Usiukunje kwa nguvu wala kuuzungushia kifaa ukiwa umekazwa. Usiuache uning'inie karibu na mkanda au shafti. Waya hufia penye shingo, yaani pale unapoingia kwenye plagi.

Maji, vumbi na mafuta. Katika kiwanda cha maziwa sakafu huoshwa kila siku. Katika kiwanda cha chai, unga wa chai huingia kila tundu. Unyevu ukiingia mahali pa kuchomekea, umeme mdogo wa jiwe hupotea njiani.

Joto. Usikilaze kipimo kwenye bomba la moshi la jenereta au karibu na boila. Vipimo vingi vya kawaida haviwezi kustahimili zaidi ya nyuzi joto 120 hivi.

Betri. Betri iliyochoka huweza kutoa namba za kubahatisha kabla haijazima kabisa.

Mkono wa mpimaji. Kipimo kizima hudanganya kikiwekwa vibaya: juu ya rangi iliyobambuka, juu ya kutu, juu ya kifuniko cha bati, au leo mahali hapa na kesho pale. Mtetemo wa kwenye beringi si mtetemo wa kwenye kifuniko.

5. RATIBA YA UTUNZAJI

Kinga ni bora kuliko tiba. Hii hapa ratiba ambayo kikundi chochote kinaweza kuibandika ukutani.

Kila siku kabla ya kazi: Tazama betri. Pitisha vidole kwenye waya wote, hasa penye shingo. Ukitikisa waya na namba ikaruka, waya umekufa. Futa uso wa sumaku kwa kitambaa kikavu, uondoe vumbi la chuma. Kisha kipime kipimo juu ya mashine mbili mnazozijua kuwa nzima na ambazo namba zake zimeandikwa. Mashine zote mbili zikisoma tofauti na kawaida siku moja, tatizo liko kwenye kipimo. Ikiwa moja tu ndiyo imebadilika, ikague mashine hiyo.

Kila mara unapopima: Pima juu ya alama ya rangi iliyochorwa kwenye kasha la beringi, mahali pale pale, kwa pande tatu: kusimama, kulala, na kufuata urefu wa shafti. Safisha alama hiyo kwanza. Soma namba ya safari iliyopita kabla hujaondoka. Namba ikishuka bila matengenezo, rudia kupima kwa waya mwingine.

Kila wiki: Fungua mahali pa kuchomekea, kausha, safisha kwa dawa inayokauka upesi, funga. Kagua sanduku la kuhifadhia. Kipimo kilale ndani ya sponji, si ndani ya sanduku la spana.

Kila mwezi: Kama kiwanda kina kitikisio cha mkononi, kitumiwe. Hiki ni kifaa kidogo cha kujaribia vipimo. Vile vilivyo maarufu hutikisika mara 159 kwa sekunde kwa nguvu isiyobadilika, na kipimo kizima kikiwekwa juu yake lazima kisome milimita 10 kwa sekunde. Kikisoma 8 au 13, kitolewe kazini.

Kila mwaka: Kipimo na kitikisio chake vipelekwe kwa wataalamu wenye vifaa vya kulinganishia, na cheti chenye tarehe kiwekwe mahali tunapoweza kukisoma. Kitikisio nacho huchoka. Kisipopimwa, tutakuwa tunamwamini mwongo wa pili amshuhudie wa kwanza.

Kipimo kilichoshindwa mtihani wowote kifungwe kitambaa chekundu na kifungiwe kabatini. Kisirudishwe mezani "kwa leo tu".

6. MAHALI PASIPO NA KIPIMO

Tulipofanya somo hili Nakivale, mama mmoja mwenye mashine ya kusaga mahindi alituuliza, "Na sisi tusio na kidude hicho, ndugu zangu, tufanye nini?" Swali lake ni la haki. Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, yalianza mwaka 1958 kwa kupokea wakimbizi kutoka Rwanda, na sasa wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na watu wa mataifa mengine. Unga wanaokula hupita katika mashine ndogo za kusaga, za umeme na za dizeli, na nyingi hazijapata kuonja kipimo cha namna yoyote.

Jawabu letu ni hili. Mwendeshaji naye ni kipimo, na kama vipimo vingine ana kanuni zake.

Kwanza, ijue sauti ya mashine yako ikiwa nzima. Siku ilipotoka kutengenezwa, sikiliza, weka kiganja kwenye kasha la beringi mbali na mkanda, na ukumbuke joto na mtikisiko wake. Asiyeijua afya hawezi kuutambua ugonjwa.

Pili, tumia bisibisi ndefu. Ncha yake iguse kasha la beringi, na mpini uguse mfupa ulio mbele ya sikio. Beringi nzima huvuma sawasawa. Iliyochakaa hukwaruza au hugonga. Fanya hivyo tu pale ambapo mkanda una kinga, ukiwa umefunga vizuri nguo, kitambaa cha kichwa na nywele. Mkanda usio na kinga usisogelewe kwa bisibisi wala kwa kiganja.

Tatu, mashine ya kusagia ina nyundo ndani yake, na nyundo hizo huchakaa. Usibadilishe moja peke yake. Nyundo zinazokabiliana lazima ziwe na uzito sawa. Zipimeni kwenye mizani ya duka. Nyundo moja mpya upande huu na moja iliyolika upande ule ndiyo inayofanya mashine icheze ngoma mpaka bolti za msingi zitoke.

Nne, kaza bolti za msingi kila wiki, mashine ikiwa imezimwa na mkanda umesimama kabisa.

Tano, andika. Daftari la shule la kurasa chache linatosha: tarehe, sauti, joto, grisi, bolti. Mwendeshaji wa zamu ya pili hakuwapo ulipoisikia mashine, daftari litamweleza.

Tunarudi kwa yule ndugu wa feni. Sikio lake lilikuwa kipimo kizima, na kidude cha fundi kilikuwa kibovu. Lakini neno lake halikuandikwa popote, na namba iliandikwa. Hapo ndipo tulipoumizwa.

7. KAZI YA CHAMA

Kwa hiyo, ndugu, utunzaji wa vipimo si shauri la mafundi peke yao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake, na imeweka wawakilishi wa usalama na kamati za usalama. Sheria ya Wakimbizi, nayo ya mwaka 2006, imefungua njia kwa mkimbizi kufanya kazi. Basi aliyetoka Nakivale na aliyezaliwa Mbarara wanasimama mbele ya mashine moja, na wote wawili ni wafanyakazi.

Katika kila kiwanda na kila shamba lenye mitambo, wawakilishi wetu wapeleke madai haya matano:

(1) Utunzaji wa vipimo ufanyike ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Kazi isiyo na saa yake haifanyiki.
(2) Awepo mtu aliyefundishwa ambaye jina lake linajulikana, na msaidizi wake, wa kutunza kipimo.
(3) Daftari la vipimo liwe wazi kwa mwendeshaji wa mashine. Asiyejua kusoma asomewe.
(4) Kando ya kila namba liandikwe neno la mwendeshaji: inalia, inagonga, ina joto, iko kawaida. Neno na namba vikipingana, mashine isimame mpaka sababu ijulikane.
(5) Mfanyakazi anayesema mashine ina hatari asifukuzwe wala asikatwe mshahara, awe wa kudumu au kibarua.

Dai la nne ndilo kubwa kuliko yote. Wengine watasema linapoteza wakati. Tuwajibu kwamba kusimamisha feni kwa saa moja na kubadilisha waya ni gharama ndogo. Beringi, kasha, mota na uzalishaji wa siku kadhaa ni gharama kubwa. Mkono wa mtu hauuzwi dukani. Hata mwajiri anayehesabu shilingi tu, akihesabu vizuri atafika pale pale tulipofika sisi.

Nasi tutimize wajibu wetu. Tusikitupe kipimo juu ya meza. Kikituanguka, tuseme kimeanguka, tusikifiche kwa kuogopa kukatwa. Anayeficha kipimo kilichoanguka anamtega mwenzake wa zamu ya usiku.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kazi yenu, ni mashine gani hupimwa mtetemo? Ni nani aliyepata kuliona daftari lake?
2. Namba za pampu ni 1.4, 1.5, 1.9, kisha 0.6. Hakuna matengenezo yaliyofanyika. Mtafanya nini kwanza, na mtamwambia nani?
3. Kipimo kimeanguka saa mbili usiku, na hakuna kingine. Mwendeshaji afanye kazi vipi mpaka asubuhi?
4. Chagueni mashine moja na kila mwenzenu aeleze sauti yake ikiwa nzima. Je, maelezo yenu yanafanana?
5. Kati ya madai yale matano, ni lipi mnaweza kulianza mwezi huu bila kungoja?

Majibu ya kikundi yaandikwe na yaletwe kwa katibu wa tawi. Tutayasoma pamoja katika kikao kijacho.